Mikono ya Shati Langu na Mapigo ya Moyo

Ninyi mnaopokea maziwa siku hizi mnanicheka. Nimewasikia. Mnasema, huyu mzee asiye mzee, ana arobaini na ushee tu, mbona Julai nzima, ukungu umekaa juu ya Tukuyu kana kwamba umegawiwa kiwanja, yeye anapita amekunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko? Mmoja wenu akasema ni pombe. Mwingine, kijana wa jirani yangu hapa Bulyaga, akasema natafuta mke wa pili. Mke wangu alicheka hilo mpaka akalazimika kukaa chini.

Nitawaeleza, ila mnivumilie. Mtu aliyeacha kazi kabla ya umri wake ana muda mwingi na maneno mengi, na mimi niliacha kwa sababu vilima vya Rungwe, keni za maziwa na moyo wangu havikupatana tena.

Kwanza mjue kwamba kupokea maziwa ni kazi ya kushuku. Hilo hamkuambiwa mlipopewa makoti meupe. Asubuhi anakuja mtu mliyeimba naye kwaya Jumapili. Unamwambia, "Ugonile, baba." Unamuuliza hali ya watoto, unamuuliza hali ya ng'ombe, unacheka naye. Halafu, mbele ya macho yake, unatumbukiza laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa, kwenye maziwa yake ili ujue kama ni mwizi. Kile kijiti cha kioo kikielea vizuri, mnaagana kwa heri. Kikizama, maji yameongezwa, na hata ndugu yako wa tumbo moja anageuka mtuhumiwa. Ukiifanya kazi hiyo miaka mingi, jicho linaharibika. Nilifika mahali nikiletewa chai nyumbani nainusa kwanza.

Aliyenifundisha ni mama mmoja wa Kiwira, Mama Atuganile, ambaye wote tulimwita Mama Atu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia. Aliniambia siku ya kwanza kituoni Lufingo, "Gwe Ipyana, tanguliza pua. Kifuniko kinapoinuka tu, pua yako iwe pale. Harufu ya kwanza haijajifunza kudanganya."

Basi nikawa nanusa. Maziwa yaliyokaa jikoni yana moshi. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, yenye dang'a, ni mazito na ya manjano, na ukiyachanganya na spiriti yanakatika vipande. Alinifundisha kukoroga kabla ya kuchota, kwa sababu mafuta hupanda juu. Alinifundisha kusubiri povu litulie. Alinifundisha pia kutokupima maziwa yenye joto la kiwele, na hilo nililisikia kwa sikio moja. Siku moja nikamwambia mjane mmoja mbele ya watu kwamba ameongeza maji, kumbe maziwa yalikuwa bado ya moto na laktomita ilikuwa imezama kwa sababu hiyo. Yule mama alifunika keni yake akakaa juu yake. Maziwa yalipopoa Mama Atu akapima upya, yakawa safi, na akanifanya nipige magoti kama mkwe kumwomba yule mjane radhi. Kwenye foleni sauti moja ikasema, "Mwacheni, ni mgeni wa ng'ombe huyo."

Sauti hiyo ilikuwa ya Baba Lugano. Mshikeni huyu, kwa kuwa atarudi. Mtu mrefu wa Lufingo, mwenye ng'ombe wawili wa kisasa na maneno ya ng'ombe mia. Tumeshukiana tangu siku hiyo mpaka leo, na sijui kama nimewahi kumfikiria mtu mwingine yeyote kwa muda mrefu namna hiyo, ukimwondoa mke wangu.

Kuna asubuhi alileta maziwa, nikapima, kioo kikaelea palepale panapotakiwa. Nikasema, "Mimina." Mama Atu akasema, "Ngoja." Akatia kidogo kwenye glasi, akaiinamisha, akaitazama kwenye mwanga wa mlango. Maziwa yaliteleza bila kuacha utando, na ukingo wake ulikuwa na ubuluu kidogo.

"Baba Lugano," akasema, "mafuta ya maziwa haya yamebaki nyumbani, na mvua imekuja badala yake."

"Mama, ng'ombe wangu amekonda."

"Amekonda mpaka mvua inapitia kwenye chuchu?"

Watu wakaangua kicheko. Baba Lugano mwenyewe akacheka, akabeba keni yake akaondoka, na alipopita karibu yangu aliitazama mikono ya shati langu, akaitazama tena. Nilijua ninachokificha humo, nikadhani amekiona.

Baadaye Mama Atu alinifafanulia ule ujanja. Ukiondoa mafuta, maziwa yanakuwa mazito zaidi na laktomita inapanda. Ukiongeza maji, inashuka. Ukifanya yote mawili kwa kiasi, inarudi pale pale pa mtu mwaminifu. "Kila kosa linamfunika mwenzake," alisema. "Kioo chako kinaona jumla tu." Nililishika hilo kwa ajili ya maziwa. Sikulifikiria kwa lingine lolote.

Sasa niseme kilichokuwa ndani ya shati.

Kilianzia kwenye viwiko nilipokuwa nazunguka upande wa Njombe. Miguu yangu haijawahi kukaa. Nikikaa mahali misimu miwili naanza kusikia magari ya mbali. Viraka vyekundu vya mviringo vilitokea, na juu yake maganda meupe kama ugali uliokaukia kwenye mwiko. Nikikwaruza yanadondoka, chini panachomoza damu. Muuza dawa mmoja akasema fangasi. Mwingine akasema pumu ya ngozi. Mnadani niliuziwa mafuta kwenye kikopo kisicho na jina. Yalifuta viraka kwa wiki chache, nilipoacha vikarudi na ndugu zao. Kulikuwa na neno jingine ambalo watu hawakulisema, lakini nililiona wakilimeza wakitazama mikono yangu: ukoma. Bibi yangu, mtu wa zamani kabisa, alisema ni majirani. Kwamba ukikosana na watu wakakunung'unikia, manung'uniko yao yanakuingia mwilini kama baridi, yakakuharibu. Nikajiuliza, mpokea maziwa ananung'unikiwa na watu wangapi? Tarafa nzima.

Mnaona ugumu wake? Kazi yenyewe ni kusimama mbele ya watu ukiwashuku usafi wao. Nani atakubali keni yake irudishwe na mkono unaodondosha magamba? Basi nikavaa mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kwenye kifundo, na glavu juu yake. Jua, mvua, nimefunga. Mtu akinitazama mara mbili, naomba kuhamishwa. Lufingo nilihama, Kiwira nikahama, nikaenda mpaka Songea, nikarudi. Watu walisema Ipyana anapenda safari. Napenda kweli. Hata leo nikisikia keni tupu zikigongana alfajiri nyuma ya gari natamani kudandia, sijali linakwenda wapi. Lakini nusu ya safari zangu nilikuwa nalihamisha shati.

Moyo nao ulianza nikiwa nimerudishwa Lufingo. Napanda kilima, si kikali, mara kifuani kitu kikaruka, kikasimama, kikaruka tena mara tatu mfululizo, kama ndama aliyefunguliwa bandani kwa mara ya kwanza. Pumzi ikawa fupi. Nikakaa kwenye ukingo wa shamba la migomba. Na wazo la kwanza lililonijia, nawaambia kweli, lilikuwa Baba Lugano. Jana yake nilikuwa nimerudisha maziwa yake. Asubuhi hiyo nilipita kwake, akanipa chai, akasisitiza nimalize kikombe. Kwa nini alisisitiza? Nikaapa sitakunywa tena kwake. Ndama akaendelea kuruka hata pasipo chai, nikasema basi ni sumu ya kukaa mwilini.

Hatimaye nikaenda zahanati. Mganga pale alikuwa mtu mwema. Alishika kifundo cha mkono, mahali ngozi yangu ilikuwa safi. Akasikiliza kifua juu ya shati, kwa sababu nilimwambia nasikia baridi. Akasema mapigo hayana mpangilio, yanakwenda mbio. "Una ugonjwa mwingine unaoutumia dawa?" akauliza. Nikasema hapana. Kwa hesabu yangu yale yalikuwa mafuta ya kupaka, na dawa ni kitu cha kumeza. Akanipa vidonge vya kutuliza moyo, akaniandikia niende hospitali nikapimwe umeme wa moyo. Vidonge nikavichukua. Hospitali sikwenda, kwa kuwa nilishasikia kwamba kwa kipimo hicho mtu huvuliwa nguo.

Moyo ukatulia. Nilikuwa nimeanza kumsamehe Baba Lugano. Kisha, baada ya wiki kadhaa, ngozi ikalipuka. Viraka vikatoka viwikoni vikapanda mabegani, vikashuka mgongoni, vikaingia kwenye nywele. Usiku nalala juu ya unga wangu mwenyewe. Nilimshuku mke wangu kwamba amebadili sabuni. Nikashuku maji ya bomba. Mwisho macho yakatua kwenye vidonge. Nikasema, hivi ni vya bandia.

Nikafanya jambo ambalo nadhani halijafanywa na mgonjwa mwingine yeyote katika nchi hii. Nilikwenda kituoni kabla watu hawajafika, nikasaga kidonge kimoja, nikakitia kwenye mmoja wa mirija yetu ya kioo ya kupimia maziwa, nikaongeza spiriti, nikatikisa. Kikafanya vipande vyeupe, vikazama chini. Mnaijua sheria ya kituo: kikiganda, rudisha. Nikavikataa vidonge vyote siku ile ile, kama maziwa ya dang'a.

Mama Atu, aliyekuwa amekuja kukagua vifaa, aliukuta mrija ule.

"Hii ni keni ya nani?"

"Si maziwa, mama. Ni dawa yangu ya moyo. Imeganda."

Aliuinua mrija kwenye mwanga. "Spiriti inapima maziwa, Ipyana. Hata chokaa ukiitia humo haitayeyuka. Rudi kwa aliyekupa umuulize."

Sikurudi. Nilijisemea, na yeye ana nini na mganga yule?

Haikuchukua muda. Asubuhi yenye foleni ndefu, keni ya Baba Lugano ikiwa mikononi mwangu, moyo haukuruka tena kama ndama; ulikimbia kama zizi zima limefunguliwa. Masikio yakaziba. Nikaona sakafu inakuja. Walionisimulia wanasema maziwa yote yalimwagika, na sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya Baba Lugano ikilia, "Maziwa yangu!" Ya pili pia ilikuwa yake: "Jamani, mtu anakufa hapa!" Ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka kwenye gari la maziwa, akakaa nyuma katikati ya keni, kichwa changu kwenye mapaja yake, mpaka hospitalini Tukuyu. Niliporudiwa na fahamu njiani nikamwona yeye juu yangu, nikadhani amekuja kumalizia.

Hospitalini alitupokea daktari kijana, mwanamke mwenyeji wa Tanga, ana upole ule wa kwao unaokuzunguka huku umeshakukamata.

"Pole, baba. Hebu vua shati."

"Moyo uko ndani, daktari. Shati halizuii kitu."

"La kwako halizuii, baba, ila vikombe vya mashine yangu havishiki kitambaa."

Nikamtazama Baba Lugano. Nikasema huyu atoke. Daktari akasema anamhitaji amshike mgonjwa asianguke. Basi shati likavuliwa, pale, mbele ya mtu niliyemficha miaka yote hiyo. Daktari akajaribu kubandika vile vikombe vidogo vya mpira kifuani. Kimoja kilishika. Cha pili kikateleza juu ya maganda kikadondoka. Cha tatu nacho. Akaacha mashine, akavuta taa.

"Hii ngozi ina muda gani?"

Nikaona ameshindwa na moyo, sasa anatafuta pa kukimbilia. Nikamjibu kwa ukali kidogo, "Daktari, mimi nimekuja na moyo. Ngozi ni habari nyingine."

"Umekuja na vyote viwili, baba. Sioni ulichoacha nyumbani." Akanitazama viwiko, akanitazama kucha, akapekua nywele. "Na dawa za moyo, umewahi kupewa?"

"Nilipewa. Nikaacha."

"Nani alikwambia uache?"

Nikajifanya nakohoa. Baba Lugano akanigusa na kidole. "Sema, bwana, utakufa na aibu."

"Nilikipima kidonge. Kwa spiriti."

"Kikawaje?"

"Kikaganda."

Daktari aliweka kalamu chini, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Aliporudi uso wake ulikuwa wa kazi tena.

Alichoniambia nitawapa kama nilivyokishika, kwa maneno ya mtu wa sekondari. Ugonjwa wa ngozi yangu unaitwa soriasisi. Hauambukizi, si kwa kushikana mkono, si kwa maziwa. Kinga ya mwili inajichokoza yenyewe na kuwasha moto mdogo usiozimika, na ngozi ni mahali tu moto huo unapoonekana. Ukiwaka miaka mingi unaweza kugusa mishipa, unaweza kugusa moyo. Wataalamu wameona kwamba watu wenye soriasisi, hasa ile kali, hupata zaidi kuliko wengine tatizo la mapigo kupoteza mpangilio.

"Kwa hiyo ngozi ndiyo imeniharibia moyo," nikasema.

"Sikusema hivyo. Presha yako nayo iko juu. Inawezekana vyote vinashirikiana, na hakuna atakayekuapia ni kipi kilianza. Nasema havifai kutibiwa na watu wawili wasiojuana." Kisha akaeleza lile la vidonge. Kuna dawa za kutuliza moyo ambazo kwa baadhi ya wenye soriasisi huiamsha ngozi. Mganga wa zahanati angeiona ngozi yangu, huenda angechagua nyingine, au angeniambia nirudi mapema. Na dawa ya aina ile haiachwi ghafla. Moyo unarudi kwa hasira. "Mapigo yakikosa mpangilio," akamalizia, "damu inatuama ndani ya moyo. Ikituama inaganda. Kipande kikipanda kichwani, ni kiharusi."

Neno kuganda lilinipata pabaya. Nililala pale kifua wazi, nikaiona ile glasi ya Mama Atu imeinamishwa kwenye mwanga wa mlango. Mganga yule nilimpelekea moyo niliokwisha kuuondolea ngozi. Kipimo chake kikasoma sawasawa kwa alichopewa.

Wakati huo wote Baba Lugano alikuwa amelishika shati langu. Nikamwona anafanya jambo la ajabu. Aliingiza mkono kwenye mkono wa shati, akaugeuza nje ndani, akaukung'uta. Akafanya hivyo na mkono wa pili. Akachunguza vifungo, akapapasa mshono wa kifundo kama askari wa mpakani. Unga mweupe ukadondoka sakafuni. Aliutazama, akanitazama, akalikunja shati. Nikajua basi. Jumapili haitapita kabla Lufingo haijajua.

Nilipelekwa Mbeya kwa mtaalamu wa moyo. Dawa zikabadilishwa, nikapewa na ya kuzuia damu isigande, na ngozi nayo ikapata daktari wake, na hawa wawili wakaandikiana. Msidhani niliamini kirahisi. Yule wa Mbeya nilimuuliza kama mtu asiyejua lolote, "Hivi ngozi na moyo vina uhusiano gani?" Akasema yale yale ya binti wa Tanga. Wa ngozi nikamuuliza hivyo hivyo, akasema yale yale. Nikasema ama hawa walisoma darasa moja, ama ni kweli. Mpaka leo kila paketi ya vidonge nasoma tarehe ya mwisho, pande zote. Lakini spiriti nimeiachia maziwa.

Nyinyi nawaomba jambo dogo la ufundi. Mnajua kushika chuchu, jifunzeni kushika mapigo. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba pale kifundoni. Usitumie kidole gumba, kina mapigo yake. Kaa kwanza upumzike. Msihesabu kasi peke yake, sikilizeni mpangilio. Gari la maziwa likiwa kwenye lami, keni zinagongana kwa utaratibu hata likikimbia. Likiingia kwenye mawe zinagongana ovyo. Mkisikia ovyo, nendeni hospitali. Na mwenye viraka vya muda mrefu aseme, avue, aonyeshe, hata kama amekwenda kwa ajili ya jino. Wengi wenye ngozi kama yangu moyo wao uko salama, kwa hiyo msianze kushikana vifua mtaani. Semeni tu.

Turudi kwenye shati. Niliporuhusiwa kurudi kazini sikutaka kurudi. Nilikuwa nimefunga begi, nina jamaa Songea. Mama Atu akaja nyumbani, akaliona begi mlangoni.

"Unahama tena?"

"Nahama, mama. Lufingo wameshajua."

"Na moyo unaondoka nao, au unaubakiza kwetu tuutunze?"

Akasema dawa zangu ziko hapa, daktari anayenijua yuko hapa, na Songea nitaanza upya kufunga vifungo mbele ya mganga mwingine. Kisha akaenda zake, hakuaga. Nililitazama begi lile mpaka chai ikapoa.

Asubuhi nikapanda Lufingo. Polepole, nikipumzika kila kona. Foleni ilikuwa imefurika kuliko kawaida. Hata wasio na ng'ombe walikuwapo. Nikasema moyoni, wamekuja kutazama maonyesho. Mama Atu alikuwa amekaa pembeni kwenye keni iliyopinduliwa, kimya. Nikavua koti. Nikafungua kifungo cha mkono wa kulia, nikakunja mpaka juu ya kiwiko. Nikafanya hivyo na wa kushoto. Nikanawa, nikavaa glavu safi, nikainua kichwa.

Baba Lugano ndiye alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Aliinama, akatazama mkono mmoja, akatazama wa pili, akageukia watu.

"Si niliwaambia? Hana."

"Hana nini?" nikauliza.

Akajikuna shingo. Mwanamke mmoja nyuma, yule mjane wa maziwa ya moto, ndiye aliyesema. "Kile kichupa, baba. Tulijua siku zote kwamba una kichupa cha maji kwenye mkono wa shati. Unamtilia mtu usiyempenda, halafu unasema laktomita imezama."

"Miaka yote hiyo?"

"Kwa nini mtu afunge vifungo Januari?" akasema Baba Lugano. "Nilikagua shati lako hospitalini, mshono kwa mshono. Nikakuta unga tu. Nikawaambia jamani, kumbe ni ngozi! Wakakataa kuamini, ndiyo maana wamejaa hapa."

Sikujua nicheke au nikasirike. Mimi nilikuwa nimeuhama mkoa kwa kuogopa wasije wakauona ugonjwa, nao walikuwa wakisubiri kumkamata mwizi. Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha foleni yote, na Mama Atu kwenye keni yake akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

Baba Lugano akaweka keni yake mezani kwa kishindo. "Haya, pima. Tumechelewa."

Nikafungua kifuniko, nikatanguliza pua. Nikakoroga, nikachota, nikasubiri povu. Nikatumbukiza laktomita. Ikazama. Nikaitoa, nikaifuta, nikarudia. Ikazama palepale.

"Baba Lugano."

"Naam."

"Haya yana maji."

Akainua mikono yote miwili juu, akawageukia watu, uso umejaa furaha. "Mmeona? Amepona!"

Nikamrudishia keni yake.